Rangi ya Kucha ya Maji na Historia ya Sabuni Iliyomo Ndani Yake



Leo sina mshono mpya wa kuwaonyesha. Nina kisa, na nyuma ya kisa kuna historia ndefu ambayo nimeifuatilia kwa miezi, kwa sababu aliyekosea ndani yake ni mimi mwenyewe.

Mwaka jana mwezi wa nne, Jumapili mchana, mvua inapiga bati kama tunavyoijua sisi wa Kyela, alikuja dukani kwangu hapa Ipyana bibi harusi niliyemshonea gauni la nikah. Ndoa ilifungwa Ijumaa. Nilipomwona na wifi yake nikadhani wameleta shela la kukodi. Akafungua kipande cha tishu akakiweka juu ya meza ya kukatia. Ndani yake kulikuwa na kiganda chekundu, chembamba, chenye umbo kamili la ukucha wa dole gumba. Kilibanduka kizima kizima asubuhi ile alipokuwa akisuuza vyombo kwa mama mkwe wake.

"Dada, si uliniambia hii ni ya maji, na maji yanapita? Mbona imetoka kama ngozi?"

Nilimwambia hivyo, ni kweli. Nilikuwa nimeagiza boksi la chupa kumi na mbili kwa muuzaji mmoja wa jumla, lebo imeandikwa kwamba rangi ni ya maji na ni halali, na maneno hayo mawili nikayaunganisha mwenyewe kichwani: kama ni ya maji, basi maji yanapita, udhu unasihi. Yule binti alipaka Alhamisi usiku baada ya Isha. Tukahesabu pale pale juu ya meza. Kuanzia Alfajiri ya Ijumaa hadi Alfajiri ya Jumapili ni sala 11. Sala za kwanza za ndoa yake.

Sisi Waislamu wa Ipyana si wengi. Hapa palikuwa kituo cha misheni ya Moravian tangu miaka ya 1890, na makanisa ndiyo mengi hadi leo. Bibi harusi wa Kiislamu akipatwa na jambo, habari hufika msikitini kabla yeye mwenyewe hajavaa viatu. Lakini aibu ya dukani haikuniuma kama lile swali lake, kwa sababu sikuwa na jibu. Mimi nimeishia kidato cha nne, kisha nikasoma kozi ya ushonaji. Nina mdogo wangu anayefundisha kemia sekondari. Nikamfuata, na nilichotarajia kiwe jibu la dakika tano kikawa safari iliyoanzia kwenye mpira, ikapitia vita kuu ya pili, ikaishia kwenye ukuta wa nyumba yangu.

Kwanza neno moja tulielewe. Uzi wa cherehani ukiufumua utakuta nyuzinyuzi ndefu zilizosokotana. Kuna vitu vingi duniani vilivyoumbwa hivyo, ila kwa udogo ambao jicho haliufikii: vipande vidogo vimeshikana mikono kimoja baada ya kingine, mamia na maelfu, hadi vikawa mnyororo mrefu. Wataalamu huita polima. Pamba ni polima, hariri ni polima, plastiki ni polima, ukucha wenyewe ni polima. Nyingine hupenda maji, kama wanga wa uji. Nyingine huyakimbia, na hizo hata uzichemshe kutwa haziyeyuki majini. Mpira ni mmoja wao. Utando wa rangi ya kucha ni mwingine.

Sasa mti wa mpira una maajabu yake. Ukiuchanja hautoi mpira, unatoa utomvu mweupe kama tui la nazi. Karibu theluthi moja ya utomvu huo ni mpira na sehemu kubwa iliyobaki ni maji. Vitu viwili visivyopatana, na bado vinatiririka pamoja! Mti umevipatanisha kwa kuukata mpira kuwa chembe ndogo sana, kisha kila chembe ikavishwa koti la protini na mafuta ya namna yake. Koti hilo kwa nje linapenda maji, tena lina chaji ya umeme ya aina moja kwenye kila chembe, kwa hiyo chembe zikikaribiana zinasukumana. Ndiyo maana utomvu haugandi ndani ya mti. Tia ndimu au siki, chaji inakufa, makoti yanashindwa kazi, chembe zinakumbatiana na kuwa donge. Ukitia amonia utomvu hukaa majimaji kwa muda mrefu. Na donge likishaganda halirudi tena kuwa maziwa, ulimwagie maji au sabuni kiasi gani. Hapo pashikeni, maana ndipo penye kiganda cha yule binti.

Wazee wa pwani na bara wameujua utomvu huo kwa jasho, wengine kwa damu. Baada ya Dunlop kutengeneza tairi la upepo mwaka 1888, Ulaya na Marekani zilitaka mpira kuliko ulivyopatikana. Kwetu mpira wa kwanza haukutoka kwenye mashamba, ulitoka kwenye mimea ya kutambaa ya porini. Kusini mwa Tanganyika, pande za Donde na Liwale, watu waliuchanja na ukasafirishwa hadi Kilwa na Lindi. Hawakuwa na ndoo wala mitambo. Utomvu ulipakwa mkononi, ukaganda juu ya ngozi, kisha ukavutwa na kuviringishwa kuwa donge la duara. Kule Kongo ya Mfalme Leopold, kati ya 1885 na 1908, watu walilazimishwa kuleta mpira kwa bunduki na kiboko, na waliokuwa wakijipaka utomvu mwilini walipoubandua ulitoka na vinyweleo. Niliposoma hilo nikakitazama tena kile kiganda kwenye tishu. Kimepakwa kikiwa majimaji, kimegandia mwilini, kimebanduliwa kikiwa ngozi. Ni jambo lile lile, ila sasa lina rangi nyekundu na chupa nzuri.

Wajerumani baadaye walipanda mipira mashambani, hasa pande za Tanga na Muheza, lakini bei ikaporomoka mwaka 1913 mpira wa Malaya ulipojaa sokoni. Kwenye ziwa letu hili hili, upande wa Malawi, Nkhata Bay kuna mashamba ya Vizara ambako mipira ingali inachanjwa, na vijana wa barabarani huuza mipira ya kuchezea waliyoiviringisha wenyewe. Lastiki ninayotia kwenye viuno vya sketi zenu nayo mara nyingi moyo wake ni uzi wa mpira. Sijui kama mnaifikiria mnapovaa. Mimi sikuwahi.

Mti unajua kuvisha makoti. Binadamu alijifunzaje? Hapa ndipo inapoingia sabuni, na hapa kuna mwanamke mmoja ambaye nimempenda sana.

Anaitwa Agnes Pockels, alizaliwa mwaka 1862 akaishi Braunschweig, Ujerumani. Wakati wake wanawake hawakuruhusiwa kusoma chuo kikuu kule. Alikaa nyumbani kuwauguza wazazi wake, kupika na kuosha vyombo. Kaka zetu wakituona tumeinamia karai la vyombo hudhani hatufikirii kitu. Agnes alitazama maji ya kuoshea, akaona jinsi mafuta na uchafu vinavyobadilisha uso wa maji, akatengeneza kikarai cha bati chenye kipande cha kusogezwa juu ya maji ili apime nguvu ya ule uso. Mdogo wake wa kiume, aliyesoma fizikia, alikuwa akimletea vitabu. Mwaka 1891 akamwandikia barua mwanasayansi mkubwa wa Uingereza, Lord Rayleigh, akamweleza alichokiona. Rayleigh hakuificha wala hakuiba. Aliipeleka kwenye jarida la Nature, ikachapishwa Machi 1891. Mtaalamu wa Marekani, Irving Langmuir, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1932 kwa elimu ya nyuso za vitu, alikuwa ameiendeleza njia hiyo ya kikarai.

Kutokana na kazi za namna hiyo ikajulikana kwamba chembe ya sabuni ina kichwa na mkia. Kichwa kinapenda maji. Mkia ni wa mafuta, unayakimbia. Kwa hiyo sabuni ikiwa majini haitulii. Hujipanga juu ya uso wa maji mikia ikiwa nje, na zikizidi huanza kujikusanya vikundi, mikia ndani, vichwa nje, kama akina mama waliokaa duara wakificha kitu katikati. Mwaka 1913 James McBain wa Bristol alisema vikundi hivyo vipo, na baadaye vikaitwa miseli. Mafuta ya kwenye sahani huingia katikati ya duara hilo na kuondoka na maji. Vitu vyote vyenye tabia hii ya kichwa na mkia, sabuni ya kipande, ya unga, shampuu, huitwa kwa jina moja sufaktanti. Hata sabuni tunazopika hapa Kyela kwa mafuta ya mawese zimo.

Lakini angalieni vizuri. Sabuni haiyeyushi mafuta kama maji yanavyoyeyusha chumvi. Inayabeba. Mafuta yanabaki mafuta, yamevishwa koti tu. Na ili yabebwe lazima yakatike vipande vidogo. Mafuta hukatika kwa urahisi kwa kuwa ni majimaji. Polima iliyokwisha kuwa utando imesokotana kama kitambaa, sabuni inaipapasa juu na kuishia hapo.

Basi ukitaka polima isiyopenda maji iingie majini, ni afadhali uifume humo humo ndani ya duara la sabuni tangu mwanzo. Hilo ndilo lililofanywa, na aliyelazimisha lifanywe kwa haraka ni vita.

Mapema mwaka 1942 Wajapani waliteka Malaya, na Singapore ikaanguka Februari 15. Mpira mwingi wa dunia ulikuwa unatoka huko. Wamarekani wakabaki na magari, ndege na vifaru bila matairi. Wakakusanya viwanda vyao, wakakubaliana njia moja ya kutengeneza mpira bila mti. Mdogo wangu aliponionyesha vipimo vyake nilicheka, maana ni kama vipimo vya maandazi: butadieni sehemu 75, stirini sehemu 25, maji sehemu 180, sabuni sehemu 5, na chembechembe za dawa za kuanzisha na kudhibiti, joto la nyuzi 50. Hizo mbili za mwanzo zinatokana na mafuta ya petroli au pombe, hazipatani na maji. Zikikorogwa humo huingia katikati ya miseli, na mle ndani zinashikana mikono na kuwa mnyororo. Sabuni ilikuwa kama chungu na kawa kwa pamoja. Kinachotoka ni maziwa meupe, utomvu usio na mti. Ukitia asidi unaganda, kama ule wa Liwale. Mwaka 1941 mpira wa aina hiyo Marekani ulikuwa tani 231 tu. Mwaka 1945 wakawa wanatoa tani 70,000 kwa mwezi.

Vita vilipokwisha, elimu ile ikaingia majumbani. Mwaka 1948 kampuni ya Glidden ikatoa rangi ya ukuta iliyotokana na utomvu huo wa viwandani, na mwaka 1953 kampuni ya Rohm and Haas ikatoa ya akriliki. Ndiyo rangi ya maji tunayopaka nyumba zetu. Gundi nyeupe ya mafundi seremala nayo ni ndugu yao. Na hapa ndipo nilipojiona mjinga, kwa sababu jibu la yule binti lilikuwa kwenye ukuta wa chumba changu. Rangi ya maji ikiwa mbichi, fundi anaosha brashi kwa maji ya bomba. Ikishakauka, inanyeshewa na mvua ya Kyela mwaka mzima na ukuta haufutiki. Kwa nini? Maji yakikauka chembe zinasogeleana, zinabanana, makoti yanasukumwa pembeni, minyororo ya chembe moja inasokotana na ya jirani yake. Inakuwa kitambaa kimoja. "Ya maji" ni habari ya safari tu, namna ilivyobebwa hadi ukutani. Haisemi chochote kuhusu ilivyo baada ya kufika.

Rangi ya kucha ya kawaida ina historia nyingine, nitaipitia kwa ufupi. Mwaka 1846 Schönbein, mkemia aliyekuwa Uswisi, alitangaza kwamba pamba ikitiwa kwenye asidi za nitriki na salfuriki inageuka baruti. Pamba ile ile ya kanga! Ikiyeyushwa kwenye vimiminika vikali na kuachwa ikauke, inatoa utando unaong'aa. Miaka ya 1920 magari ya Marekani yalipakwa rangi ya nitroselulosi hiyo, na kutoka kwenye bodi za magari ikahamia vidoleni. Revlon ilianza mwaka 1932. Rangi hiyo haina maji kabisa, ndiyo maana inanuka, na huitoi bila asetoni au kimiminika kingine cha kuyeyushia. Ile ya maji ilikuja miaka mingi baadaye, kwa njia ya maziwa na makoti niliyoieleza, ili kuepuka ile harufu. Haikubuniwa kwa ajili ya udhu. Neno la udhu liliongezwa na wauzaji, na mimi ni mmoja wao.

Iko aina ya tatu, inayodaiwa kupitisha hewa na mvuke. Inayojulikana zaidi ni ya kampuni ya Inglot ya Poland, iliyoanzishwa na mkemia Wojciech Inglot aliyefariki mwaka 2013. Mwanazuoni mmoja wa kusini mwa California alimwagiza mwanafunzi wake aipake kwenye karatasi ya kuchujia kahawa, akadondoshea maji na kubonyeza kidogo, maji yakapita baada ya sekunde chache, na habari ikaenea kwa Waislamu duniani. Mimi kama fundi nina wasiwasi na karatasi ile. Kitambaa chenye matundu hata ukikipaka nta, sindano ya maji inapata pa kupita. Ukucha hauna matundu kama karatasi, tena kwenye udhu hatubonyezi maji. Wanaoitumia wana wanazuoni wao, siwahukumu.

Ile yangu niliijaribu mwenyewe, na ningeijaribu kabla ya kuuza. Nilidondosha matone mawili kwenye kioo cha duka. La kwanza nikalimwagia maji likiwa bichi: likageuka maziwa mekundu na kuondoka lote. La pili nikaliacha hadi kesho yake. Maji matupu, hakuna kitu. Sabuni ya unga na maji ya moto, hakuna kitu, isipokuwa baada ya kuloweka muda mrefu liliingia weupe kama ukungu, kisha ukingo ukainuka na nikalibandua kwa ukucha, zima. Mdogo wangu akaniambia weupe ule ni maji yaliyojipenyeza polepole kwenye vijia vilivyoachwa na mabaki ya sabuni ndani ya utando. Kwa hiyo maji yanaingia kidogo, ni kweli. Lakini yaliingia kwa kuloweka, na udhu wangu mimi hauchukui hata dakika tano.

Yule binti nilimpeleka kwa ustadhi wetu, nikasema mbele yake kwamba kosa ni langu. Hakutukaripia. Aliuliza swali moja tu: "Ni rangi iliyoingia au ni ngozi iliyokaa juu?" Binti akampa ile tishu. Ustadhi akatukumbusha aya ya 6 ya Surat al-Maida inayotuamrisha kuosha viungo, na hadithi iliyomo katika Sahih Muslim kutoka kwa Umar, kwamba mtu mmoja aliacha sehemu ya mguu wake kiasi cha ukucha bila kupata maji, Mtume, swalla Allahu alayhi wasallam, akamwambia arudi akatawadhe vizuri. Kiasi cha ukucha! Nilikaa kimya. Akasema azilipe zile sala, na kwamba hakuwa na dhambi kwa kuwa hakujua.

Nikauliza kuhusu hina, maana miguu yake ilikuwa imejaa maua. Jibu la ustadhi na la mdogo wangu lilikuwa moja kwa njia mbili. Rangi ya hina inaingia na kushikana na ngozi yenyewe, ile tope ya juu ukishaiosha hakuna kilichokaa kuzuia maji. Piko ni habari nyingine kwa sababu ya madhara yake kwa ngozi, inshaAllah nitaiandikia siku yake.

Sala zile alizilipa siku ile ile, wifi yake akimhesabia. Pesa yake nilirudisha, akakataa, nikamshonea mtandio.

Chupa zilizobaki sikuzitupa. Nilikata vipande vya karatasi nikavifunga shingoni mwa kila chupa kwa uzi, nimeandika kwa mkono: "Huu ni utando. Bandua kabla ya udhu." Nne zimeshatoka. Mbili amechukua yeye, kwa siku ambazo hasali, anasema angalau hii haihitaji asetoni.